Padre John Flynn, Mchungaji wa Watu wa Bara

1. Nchi isiyo na daktari

Australia ni nchi kubwa sana, iliyozungukwa na bahari pande zote. Watu wake wengi hukaa karibu na pwani, katika miji mikubwa kama Sydney, Melbourne na Adelaide, mahali penye mvua na bandari. Lakini mtu akiiacha pwani na kushika njia ya bara, mvua hupungua, miti nayo hupungua, hata mwisho hufika katika nchi ya mchanga mwekundu na majani makavu. Mito ya huko haina maji ila siku chache baada ya mvua, na mvua yenyewe huweza kukosekana mwaka mzima, au miaka miwili, au zaidi.

Wenyeji wa asili wa nchi hiyo, watu weusi, wamekaa humo tangu zamani za kale, nao walijua kila kisima na kila mlima. Kisha walikuja Wazungu na ng'ombe zao na kondoo zao. Wakajenga nyumba za mabati, kila nyumba mbali na mwenziwe mwendo wa siku nzima au siku mbili. Wengine walichimba madini, wengine waliangalia nyaya za simu, wengine walikata manyoya ya kondoo, wakihama kutoka shamba hata shamba.

Maisha yao yalikuwa magumu. Ukame ukija, mifugo ilikufa kwa maelfu. Mtoto akishikwa na homa, hapakuwa na daktari wa kumtazama. Mama akitaka kujifungua, pengine hapakuwa na mwanamke mwingine wa kumsaidia. Mtu akifa, wenziwe walimzika chini ya mti, bila ya mchungaji wa kumwombea. Mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu ya bara yenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu milioni 2 ilikuwa na madaktari wawili tu. Katika habari hizi tutasoma juu ya mtu aliyewaonea huruma watu hao, na jinsi alivyolifanya Kanisa zima kuwabeba.

2. Utoto wake na masomo yake

John Flynn alizaliwa tarehe 25 Novemba, mwaka wa 1880, katika kijiji cha Moliagul, katika jimbo la Victoria. Babaye alikuwa mwalimu wa shule. Mamaye alikufa John alipokuwa hajatimiza miaka mitatu, kwa hiyo alijua mapema huzuni ya nyumba iliyopata msiba. Alipomaliza shule mwaka wa 1898, alitamani kwenda chuo kikuu, lakini babaye hakuwa na fedha za kutosha. Basi akawa mwalimu mwanafunzi, akifundisha watoto huku yeye mwenyewe akijifunza.

Mwaka wa 1903 aliingia katika kazi ya Kanisa la Presbiteri, akawa mhubiri katika vijiji vya misituni, na huku akiendelea na masomo yake. Baadaye alisoma elimu ya dini huko Melbourne. Katika siku za likizo alikwenda kuwatembelea wakata manyoya ya kondoo mahali pao pa kazi. Hao walikuwa watu wa maneno makali na mikono migumu, wala hawakupenda mtu wa kuwahubiria kwa majivuno. Flynn hakufanya hivyo. Alikaa nao, akala chakula chao, akasikiliza habari zao. Hapo ndipo alipojua mahitaji yao.

Mwaka wa 1910 alitoa kitabu kidogo kwa ajili ya watu wa porini. Ndani yake yalikuwamo mafundisho ya kumtibu mtu aliyeumia, maelezo ya jinsi ya kuandika wasia, na sala za kusoma wakati wa mazishi, ili hata pasipo padre maiti azikwe kwa heshima. Kitabu hicho kilikuwa cha kutiwa mfukoni, nacho kilionyesha jinsi Flynn alivyofikiri. Kwake yeye, kuuponya mwili na kuifariji roho zilikuwa kazi mbili za mtumishi mmoja.

3. Kanisa latuma wajumbe

Mwaka wa 1911 Flynn aliwekewa mikono kuwa mchungaji, akapelekwa Beltana, mji mdogo wa relini kaskazini mwa Adelaide. Kazi ya hapo ililipiwa kwa kodi ya ardhi aliyoitoa mama mmoja wa Scotland, jina lake Henrietta Smith wa Dunesk. Basi fedha za mama aliyekaa ng'ambo ya bahari ndizo zilizomwezesha padre kuwatembelea watu wa jangwani. Flynn alitafakari sana jambo hilo. Aliona ya kuwa wako watu wenye moyo wa kutoa, wasioweza kwenda. Na wako watu walio tayari kwenda, wasio na cha kuwategemeza njiani. Kazi ya Kanisa ni kuwaunganisha hao wawili.

Mwaka wa 1912 wakuu wa Kanisa walimtuma kwenda kuitazama nchi ya kaskazini na kuleta habari zake. Alisafiri sana, akapima, akahesabu, akachora ramani, akapiga picha. Kisha akaandika taarifa ndefu, akieleza habari za Wazungu wa bara na za wenyeji wa asili pia. Baraza Kuu la Kanisa liliposikia habari hizo, lilikata shauri tarehe 26 Septemba, mwaka ule ule wa 1912, kuanzisha Misheni ya Bara ya Australia, na Flynn akawekwa kuwa msimamizi wake.

Mwanzo wa misheni hiyo ulikuwa mdogo sana. Ilikuwa na padre mmoja, mwuguzi mmoja, nyumba moja ya wagonjwa huko Oodnadatta, ambako reli ilikoma siku zile, na ngamia watano. Mtu wa kudharau angaliweza kucheka, akiuliza ngamia watano watafanya nini katika nchi kubwa kama ile. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

4. Mapadre wa safari

Padre wa mjini huwa na kanisa lake, na Jumapili watu humjia. Padre wa Misheni ya Bara hakuwa na kanisa. Wilaya yake ilikuwa mamia ya maili, na kazi yake ilikuwa kwenda, si kungoja. Alipanda ngamia au farasi, na katika miaka ya baadaye motakaa, akapita kutoka nyumba hata nyumba, kutoka kambi hata kambi. Pengine ilimchukua miezi mingi kuzunguka wilaya yake mara moja.

Mmoja wa mapadre hao wa kwanza aliitwa Bruce Plowman. Alisafiri kwa ngamia kutoka Oodnadatta kwenda kaskazini, akalala chini ya nyota, akanywa maji ya visima vichungu, naye baadaye akaandika vitabu juu ya safari zake. Padre kama huyo alipofika nyumbani kwa mtu, hakuanza kwa kuhubiri. Kwanza alisalimu, akatoa barua na magazeti aliyoyabeba, akasaidia kazi iliyokuwapo. Jioni, watu wakiisha kula, ndipo yalipotoka maneno ya moyoni. Mmoja alimweleza habari za deni, mwingine habari za mwana aliyepotea, mwingine habari za mke aliyezikwa nyuma ya nyumba. Padre alibatiza watoto, pengine watoto wakubwa waendao kwa miguu yao wenyewe, akafungisha ndoa, akasoma sala juu ya makaburi ya zamani.

Sheria moja ya misheni ilikuwa ya kwamba padre asimwulize mtu dhehebu lake kabla ya kumsaidia. Mpresbiteri, Mkatoliki, na mtu asiye na dini yo yote, wote walipata msaada ule ule.

Lakini mapadre hao walikula nini, na ngamia walinunuliwa kwa fedha za nani? Watu wa bara wenyewe walikuwa maskini, hasa wakati wa ukame. Kwa hiyo Flynn aliwaendea Wakristo wa mijini. Mwaka wa 1913 alianza kutoa gazeti lenye ramani na picha, ili watu wa pwani wawaone kwa macho yao ndugu zao wasiowajua. Alikwenda kutoka usharika hata usharika na taa yake ya picha, akionyesha nyumba za upweke na makaburi ya porini. Watu wengi waliotoa fedha hawakufika bara siku zote za maisha yao.

Kwa fedha hizo zilijengwa pia nyumba za wagonjwa katika miji midogo ya bara. Wauguzi walipelekwa wawili wawili, wakakaa miaka miwili, kisha wakaja wengine kushika zamu. Nyumba ya Alice Springs, iliyofunguliwa mwaka wa 1926, Flynn mwenyewe aliichora namna ya kujengwa, ili upepo upoe kwanza chini ya nyumba kabla ya kuingia vyumbani.

5. Kifo cha mchunga ng'ombe

Hata hivyo, padre na mwuguzi hawawezi kufanya kazi ya daktari. Jambo hilo lilionekana wazi mwaka wa 1917. Kijana mmoja, mchunga ng'ombe, jina lake Jimmy Darcy, alianguka pamoja na farasi wake karibu na Halls Creek, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi. Akaumia vibaya tumboni. Wenziwe walimchukua kwa gari mpaka mjini, lakini daktari hakuwapo. Alikuwapo mkuu wa posta tu, Bwana Tuckett, ambaye zamani alifundishwa kidogo kuwasaidia walioumia.

Tuckett alipeleka simu Perth, mji mkuu wa jimbo, mbali sana upande wa kusini, akampata Daktari Holland. Daktari akamjibu kwa simu kwamba lazima ampasue yule mgonjwa, naye atamwongoza neno kwa neno. Tuckett hakuwa na vyombo wala dawa ya kumlaza mgonjwa. Alikuwa na kisu kidogo na wembe. Alifanya kama alivyoagizwa, huku mikono ikimtetemeka, na kijana akavumilia. Kisha Daktari Holland mwenyewe akaondoka Perth, akapanda meli, akapanda motakaa, akapanda farasi, akaenda kwa muda wa siku kumi na zaidi. Alipofika Halls Creek aliambiwa ya kuwa Darcy amekufa siku moja tu kabla yake. Jeraha lake lilikuwa likipona. Malaria ndiyo iliyommaliza.

Habari hizo ziliandikwa katika magazeti ya nchi nzima, na watu wengi walilia. Flynn hakuishia katika kulia, bali alitafuta dawa ya umbali.

6. Eropleni na simu ya upepo

Mwaka ule ule wa 1917, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza udaktari, Clifford Peel, alikuwa safarini kwenda vitani. Alimwandikia Flynn barua, akieleza jinsi eropleni zinavyoweza kumpeleka daktari kwa wagonjwa wa bara, na gharama yake, na mahali pa kuziweka. Peel alikufa vitani huko Ufaransa mwaka wa 1918, wala hakuona matunda ya barua yake. Flynn aliipiga chapa katika gazeti lake, akaanza kuwashawishi watu.

Ilimchukua miaka kumi. Wengi walisema ya kuwa eropleni ni chombo cha hatari na fedha za Kanisa zitapotea bure. Flynn hakugombana nao. Aliendelea kueleza kwa upole, akakusanya sadaka, akatafuta marafiki. Mwaka wa 1926 tajiri mmoja aliyetengeneza mashine za kuvunia, H. V. McKay, alikufa, akiwa ameacha katika wasia wake pauni 2,000 kwa kazi hiyo. Kampuni ya Qantas ikakubali kukodisha eropleni na mrushaji kwa shilingi 2 kila maili. Basi mwezi wa Mei 1928, katika mji wa Cloncurry, Daktari Welch aliingia katika eropleni iliyorushwa na Bwana Affleck, wakaenda Julia Creek kwa wagonjwa. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya daktari arukaye. Katika mwaka wa kwanza zilifanywa safari 50, na wagonjwa 225 wakatibiwa.

Lakini mgonjwa wa mbali atamwitaje daktari? Fundi mmoja wa Adelaide, Alfred Traeger, alitengeneza simu ya upepo isiyohitaji betri kubwa. Mtu alikaa kitini, akakanyaga pedali kama za baiskeli, na nguvu ya miguu yake ikatia umeme katika chombo. Mwaka wa 1929 vyombo vya kwanza viliwekwa katika nyumba za bara. Mwanzoni watu walipeleka alama za simu tu. Baadaye waliweza kusema kwa sauti zao wenyewe. Tangu siku hiyo mama aliyekaa peke yake jangwani aliweza kumwita daktari, na tena kuzungumza na jirani yake wa maili mia, ambaye labda hajapata kumwona uso.

Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya shida ya fedha dunia nzima. Flynn aliona ya kuwa kazi imekuwa kubwa kuliko nguvu za Kanisa moja. Basi hakuing'ang'ania kama mali yake. Alisaidia kuifanya iwe ya nchi nzima, na kuanzia mwaka wa 1934 ikawekwa mikononi mwa chama cha watu wote, chenye msaada wa serikali. Kanisa liliendelea na mapadre wake wa safari.

7. Lawama

Haifai kuandika habari za mtu mwema na kuficha upungufu wa kazi yake. Misheni ya Bara iliwaangalia hasa Wazungu. Wenyeji wa asili, ambao nchi hiyo ilikuwa yao tangu kale na ambao wengi wao walikuwa katika shida kubwa kuliko Wazungu, hawakupata sehemu yao iliyo sawa. Daktari Charles Duguid, ambaye naye alikuwa Mpresbiteri, aliona ubaya huo katika miaka ya 1930, akasema waziwazi, akamlaumu Flynn na misheni yake. Kwa juhudi zake Kanisa lilianzisha mwaka wa 1937 misheni ya Ernabella kwa ajili ya wenyeji. Katika miaka iliyofuata kazi ya madaktari warukao iliwafikia watu wa rangi zote, wala leo hakuna aulizwaye rangi yake.

Hapa pana fundisho. Mtu aweza kuona mbali sana jangwani, na asione vema mtu aliye karibu naye.

8. Mwisho wake

Flynn alioa akiwa na umri mkubwa, mwaka wa 1932. Mkewe, Jean Baird, alikuwa mwandishi wa ofisi ya misheni, naye alimsaidia mpaka mwisho. Mwaka wa 1939 Kanisa lilimchagua kuwa mkuu wa Baraza Kuu, cheo alichokishika miaka mitatu. Alikufa Sydney tarehe 5 Mei 1951, kwa ugonjwa wa kansa, na majivu yake yakazikwa karibu na Alice Springs, katikati ya nchi aliyoipenda.

Juu ya kaburi liliwekwa jiwe kubwa la mviringo, lililoletwa kutoka mahali paitwapo Karlu Karlu. Walioliweka walikusudia heshima, lakini mahali pale ni patakatifu kwa wenyeji, nao hawakuombwa ruhusa. Kwa miaka mingi wazee walidai jiwe lao. Hatimaye mwaka wa 1999 lilirudishwa kwao, na wenyeji wa Alice Springs, watu wa kabila la Arrernte, wakatoa jiwe jingine la nchi yao liwekwe juu ya kaburi la Flynn. Hivyo kaburi lake sasa limefunikwa kwa zawadi, tena zawadi ya watu wale waliosahauliwa kwanza.

Mwaka wa 1977 Kanisa la Presbiteri, sehemu yake kubwa, liliungana na makanisa mengine mawili, na Misheni ya Bara ikaingia katika chombo kipya cha Kanisa hilo la muungano. Mapadre wa safari wangali wakiendelea na kazi. Ngamia hawako tena, na motakaa zimeshika nafasi yao. Ukame ukikausha nchi, au mafuriko yakichukua mifugo, padre huja nyumbani kwa mkulima, huketi naye, humsikiliza, na kama kuna ua uliovunjika husaidia kuujenga. Na kama zamani, mshahara wake na mafuta ya gari lake hutoka katika sadaka za watu walio mbali.

Maswali

1. Kwa nini Flynn hakwenda chuo kikuu alipomaliza shule?
2. Padre wa safari alifanya nini kwanza alipofika nyumbani kwa mtu, na kwa nini?
3. Eleza jinsi watu wa mijini walivyosaidia watu wa bara.
4. Daktari Holland alisafiri kwa vyombo gani, na kwa nini safari yake haikufaa kitu?
5. Daktari Duguid alimlaumu Flynn kwa jambo gani? Je, alikuwa na haki?
6. Katika wilaya yenu, ni watu gani wanaokaa mbali na msaada? Andika mistari kumi juu ya namna ya kuwafikia.